Korneti ya Zamani na Kiwango Kilichokufa

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva, niongee kuhusu kitu ambacho wenzangu kazini wamechoka kunisikia nikikitaja: tarumbeta na korneti za zamani. Nazikusanya, nazisafisha, nazirekebisha na kuzipiga. Mkusanyiko wenyewe si mkubwa. Ziko nne tu kabatini, na moja kati ya hizo haijatoa sauti ya maana tangu niinunue. Lakini usiufunge ukurasa huu mapema ukidhani ni habari ya muziki tu. Historia ya chombo hiki ni historia ya teknolojia, tena ya aina ile ile inayotusumbua sisi waandishi wa programu: hesabu yenye kasoro tangu mwanzo ambayo watu wamejifunza kuishi nayo, viwango vinavyoshindana, na vifaa vizima kabisa vinavyogeuka takataka siku kiwango kinapobadilishwa.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Tarumbeta ni neno la siku nyingi katika Kiswahili, tulilipata kwa Wareno. Korneti ni ndugu yake mnene mfupi. Ukiziweka zote mbili mezani utadhani korneti ni ndogo, lakini ukiikunjua mirija utakuta urefu ni ule ule, karibu mita 1.48 kwa zile za ufunguo wa Bb. Tofauti ni kwamba korneti imekunjwa zaidi, na mrija wake unapanuka polepole kwa sehemu kubwa ya safari yake, wakati ule wa tarumbeta unakaa na upana mmoja kwa muda mrefu kabla ya kufunguka. Ndiyo maana korneti ina sauti laini na tarumbeta ina sauti kali.

Sasa fizikia kidogo. Katika mrija wa shaba usio na tundu wala kifungo huwezi kupiga noti yoyote unayotaka. Midomo yako ndiyo inayotetemeka, lakini hewa iliyomo ndani ya mrija hukubali mitetemo fulani tu: ile ya msingi, kisha mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Huku chini noti hizo ziko mbalimbali, zimeachana kwa mapengo makubwa. Huko juu zinakaribiana. Ndiyo maana askari anayepiga buruji hutumia noti chache tu, na ndiyo maana Bach, alipowaandikia wapiga tarumbeta mwanzoni mwa karne ya 18, aliwapeleka juu sana, mahali ambapo noti zimesongamana kiasi cha kuunda wimbo. Hata siwa ya shaba iliyo katika jumba la makumbusho la Lamu inafuata kanuni hiyo hiyo, ingawa siwa hupulizwa kutoka ubavuni. Shaba haijali umetoka bara gani.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa hili: tutapataje noti zilizo katikati ya mapengo? Anton Weidinger wa Vienna alitoboa matundu kwenye mrija na kuyawekea vifuniko, mfano wa saksafoni. Ukifungua tundu, mrija unakuwa mfupi na noti inapanda. Joseph Haydn aliandika kazi maalumu kwa ajili ya chombo hicho mwaka 1796, na Weidinger akaipiga mbele ya watu mwaka 1800. Kila mwanafunzi wa tarumbeta leo anaifahamu kazi hiyo. Chombo chenyewe lakini hakikudumu. Noti zinazotoka kwenye tundu la ubavuni hazina nguvu sawa na zile zinazotoka kwenye mdomo mpana wa mbele, na msikilizaji anaitambua tofauti.

Wazo lililoshinda lilikuwa kinyume chake. Badala ya kuufupisha mrija, urefushe. Mwaka 1814 Heinrich Stölzel, mpiga baragumu wa Kijerumani, alikuwa tayari na vali iliyofanya kazi. Friedrich Blühmel, aliyepiga katika bendi ya wachimba migodi huko Silesia, naye akadai wazo ni lake. (Mabishano ya hataza hayakuanza na kampuni za simu!) Mwaka 1818 wawili hao walipata hataza ya pamoja ya miaka 10 katika ufalme wa Prussia. Vali ni nini? Ni mlango wa hewa. Ukibonyeza kifungo, hewa inaacha njia yake ya kawaida na kuzungushwa kwenye kipande cha ziada cha mrija. Ukiachilia, springi inairudisha njia ya kawaida. Umbo tunalolijua leo, la pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda, linatokana na hataza ya François Périnet wa Paris ya mwaka 1838. Fungua tarumbeta mpya kabisa leo, utakuta wazo la Périnet limekaa humo humo bila kuguswa. Ni programu gani ya kompyuta itakayodumu hivyo?

Hapa ndipo moyo wangu wa uprogramu ulipodakwa. Vali tatu, kila moja iko juu au chini. Hizo ni biti tatu! Biti tatu zinatoa hali nane, kuanzia 000 mpaka 111. Vali ya pili inashusha sauti kwa nusu toni 1, ya kwanza nusu toni 2, na ya tatu nusu toni 3. Ukibonyeza ya kwanza na ya pili pamoja unapata nusu toni 3, yaani sawa na ya tatu peke yake, kwa hiyo hali mbili zinagongana na unabaki na urefu saba tofauti. Urefu saba unatosha kuziba pengo kubwa zaidi tunalolihitaji pale chini. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Ningemwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akibuni kitu kama hiki ningemnunulia chai na mandazi.

Ila kuna kasoro katika hesabu, nayo ni ya aina tunayoijua. Ili kushuka nusu toni moja, mrija unapaswa kuongezeka kwa takriban asilimia 5.95 ya urefu ulio nao wakati huo. Nusu toni mbili ni asilimia 12.25. Nusu toni tatu ni asilimia 18.92. Fundi akakata vipande vitatu vya urefu huo akavifunga kwenye vali zake. Kila vali ikibonyezwa peke yake, mambo ni sawa. Zikibonyezwa zote tatu, vipande vinajumlishwa na kufikia asilimia 37.12. Lakini kushuka nusu toni 6 kunataka asilimia 41.42! Wenye mikopo mnaelewa jambo hili vizuri: riba juu ya riba haijumlishwi, inazidishwa. Vali zinajumlisha mahali ambapo muziki unazidisha. Matokeo yake ni kwamba ukibonyeza zote tatu umepungukiwa zaidi ya sentimita 6 za mrija, na noti inatoka juu kwa zaidi kidogo ya nusu ya nusu toni. Mtu yeyote mwenye masikio ataikunjia uso.

Mwaka 1874 David Blaikley, aliyefanya kazi katika kampuni ya Boosey huko London, alitoa dawa. Katika mfumo wake, ukibonyeza vali ya tatu, hewa inarudishwa tena kupitia vali zile nyingine, na zikiwa nazo zimebonyezwa inapita kwenye virefusho vidogo vya ziada. Yaani aliandika sharti ndani ya shaba: kama ya tatu iko chini NA nyingine iko chini, ongeza kipande. Ni jambo la akili sana. Lakini linaongeza uzito na gharama, na hewa inapita kona nyingi. Mfumo huo umestawi kwenye vyombo vikubwa vya sauti nzito. Kwenye tarumbeta watu wameridhika na dawa rahisi zaidi: pete kwenye mrija wa vali ya tatu, unaingiza kidole, unausukuma nje kidogo noti inapohitaji. Yaani kasoro haikurekebishwa, mtumiaji alifundishwa namna ya kuikwepa. Je, hamjawahi kufanyiwa hivyo na programu?

Korneti yenyewe ilizaliwa Paris mwishoni mwa miaka ya 1820, pale vali zilipofungwa kwenye buruji dogo la wasafirisha barua. Ikawa maarufu upesi kwa sababu ni nyepesi na ina wepesi wa kupiga nyimbo za haraka. Jean-Baptiste Arban alichapisha kitabu chake kikubwa cha mafunzo mwaka 1864, na ninapoandika hivi kiko mezani kwangu, kwa sababu hakuna kilichokishinda. Kwa miaka mingi korneti ndiyo iliyokuwa mfalme wa bendi. Hata King Oliver na Louis Armstrong, walipoingia studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana, mwaka 1923, wote wawili walikuwa na korneti mkononi. Armstrong alihamia tarumbeta baadaye kidogo, na dunia ya jazi ikamfuata. Korneti ikabaki na wenyewe: bendi za shaba za Uingereza, na makanisa.

Na hapo ndipo inapotufikia sisi. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani yetu miaka ya 1890, ilichukua jina lake kutoka neno la Kiingereza la bendi, na ilichukua pia sare, kwata na vyombo vya kupuliza vya wanajeshi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi wakishindana vikali. Mwanahistoria Terence Ranger alikiandikia kisa hicho kitabu kizima mwaka 1975. Kisha mwaka 1921 Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya. Kanisa hilo haliendi popote bila bendi, na lilikuwa na jambo ambalo makanisa machache duniani yamekuwa nalo: kiwanda chake lenyewe cha vyombo vya muziki, kilichohamia mji wa St Albans, Uingereza, mwaka 1901 na kikafanya kazi mpaka kiliponunuliwa na Boosey & Hawkes mwaka 1972.

Korneti yangu ninayoipenda zaidi imetoka katika kiwanda hicho. Nimeinunua kwa mzee mmoja wa upande wa Kakamega aliyepiga bendi ya kanisa tangu ujana wake. Bei tulikubaliana upesi, lakini kabla ya kunikabidhi alitaka kunionya.

“Kijana wangu, hii ina maringo. Ukiipiga na kinanda, inakataa.”

“Inakataa vipi, Mzee?”

“Iko juu. Peke yake ni sawa. Na wenzake wa zamani ni sawa. Na kinanda, hapana.”

Niliiweka mbele ya kipaza sauti, nikaandika programu fupi ya kupima mitetemo, nikapiga noti moja isiyobonyezwa mara ishirini, kwa sababu midomo inaweza kuivuta noti juu au chini na nilitaka wastani. Noti hiyo katika chombo cha leo inapaswa kuwa mitetemo 466 kwa sekunde. Yangu ilitoa karibu 479. Piga hesabu kurudi nyuma mpaka noti ya A, ambayo ndiyo kipimo cha dunia, unapata takriban 452.5. Sikuhitaji kuuliza tena. Namba hiyo ina historia.

Kabla ya karne ya 19 kila mji ulikuwa na A yake, na hakuna aliyejali sana kwa sababu wanamuziki hawakusafiri na vinanda vizito. Kisha okesta zikawa zinapandisha sauti kidogo kidogo, maana sauti ya juu husikika kama inang'aa zaidi. Waimbaji wakalalamika, koo zao hazina mrija wa kuvuta. Ufaransa ikawa ya kwanza kuweka sheria: mwaka 1859, baada ya tume iliyokuwa na watu kama Rossini na Berlioz, A ikawekwa 435. Uingereza ikabaki juu, kwenye 452.5 niliyoikuta ndani ya korneti yangu.

Waingereza walipoamua kushuka mwaka 1896, walifanya jambo ambalo mhandisi yeyote atacheka. Hawakuchukua 435. Walisema: kipimo cha Wafaransa kilipimwa kwenye nyuzijoto 15, lakini ukumbi wetu uliojaa watu una joto zaidi, na vyombo vya kupuliza hupanda kadiri hewa inavyopata joto. Wakapiga hesabu ya nyuzijoto 20, wakapata 439. Hesabu ni sahihi, nimeirudia mwenyewe. Ila sasa Ulaya ikawa na viwango viwili vinavyodai kuwa kimoja!

Marekani nao walikuwa na vyao. Kiwango cha juu cha bendi zao kilikuwa karibu 457. Viwanda kama C.G. Conn cha Elkhart, Indiana, viliuza korneti zikiwa na mirija miwili ya kurekebishia sauti, mmoja wa kiwango cha juu na mmoja wa chini, mteja achague mwenyewe. Nyingine zilichongwa herufi HP au LP ubavuni. Mwaka 1917 chama cha wanamuziki wa nchi hiyo kilikubali 440.

Mkutano wa London wa Mei 1939 ndio uliopendekeza 440 kwa dunia nzima. Kwa nini si 439, ambayo tayari ilitumika hapo hapo London? Hapa nisikilizeni vizuri wapenzi wa namba. BBC walikuwa wakitoa noti ya kipimo redioni kwa kutumia kioo cha umeme kinachotetemeka mara milioni 1 kwa sekunde. Gawanya kwa 1,000, unapata 1,000. Zidisha kwa 11, gawanya kwa 25, unapata 440 kamili. Sasa jaribu kupata 439 kwa njia hiyo. Huwezi, kwa sababu 439 ni namba tasa, haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Mitambo ya wakati huo haikuwa na namna ya kuitoa. Katika sababu zote zinazotajwa hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Kinanda cha kanisa lenu, simu yako inapokulia, wimbo wa taifa ukipigwa uwanjani, vyote vimekaa mahali ambapo sakiti za redio ziliweza kufika. Shirika la viwango la ISO lilithibitisha 440 mwaka 1955, na tena mwaka 1975.

Jeshi la Uingereza lilikuwa limeshuka tayari katika miaka ya 1920. Bendi za shaba hazikushuka. Kwa nini zishuke? Zilipiga peke yake, bila okesta wala piano, kwa hiyo mradi kila mwenzako yuko juu nawe uko juu, hakuna anayeumia. Na kubadilisha bendi ni kubadilisha vyombo zaidi ya ishirini kwa mpigo, kwa fedha za wachimba makaa na waumini. Hali ikabaki hivyo mpaka katikati ya miaka ya 1960, pale Boosey & Hawkes ilipotangaza kwamba itaacha kutengeneza vyombo vya kiwango cha juu. Kampuni hiyo ilikuwa imeshaimeza Besson mwaka 1948, kwa hiyo tangazo lake lilikuwa kama sheria. Basi. Msaada umekwisha, sasisho hakuna. Bendi zilizokuwa na fedha zilinunua vipya. Zisizo na fedha zilipeleka vya zamani kwa mafundi, vikakatwa na kuongezwa vipande vya mirija ili vishuke mpaka 440.

Ni hapo ninapotaka kusimama kidogo, maana mpaka leo jambo hili linaamuliwa kila mara chombo kimoja kinapoingia mikononi mwa fundi. Korneti iliyokatwa haiwezi kukatuliwa. Sauti yake mpya ni ya kufaa, lakini ushahidi umepotea: huwezi tena kujua bendi ya mwaka 1930 ilisikikaje, wala mtengenezaji alipanga uwiano gani kati ya vali moja na nyingine. Kwa upande wa pili, siwezi kumlaumu kiongozi wa bendi kijijini mwenye vijana kumi wanaotaka kujifunza na vyombo vitano visivyokubaliana na kinanda. Anayemwambia aviweke kabatini kwa heshima ya historia ampe vingine kwanza.

Kwangu mimi suluhisho lilikuwa lile ambalo Wamarekani walilijua zamani: usikate, tengeneza kipande cha ziada. Tofauti kati ya 452.5 na 440 kwa chombo hiki ni takriban sentimita 4 za mrija. Kwa kuwa mrija mkuu wa kurekebishia umepinda kama herufi U, kuuvuta nje sentimita 2 kunatosha, kwa sababu unaongeza pande zote mbili. Tatizo ni kwamba korneti yangu ina mrija mfupi, nikiuvuta sentimita 2 unaning'inia kama jino la mtoto wa miaka sita. Nikaenda Kamukunji kwa fundi mmoja hodari wa shaba, nikampa vipimo, akanipindia mrija mpya mrefu zaidi kwa bei ambayo siitaji hapa asije akaipandisha. Na hapo kazi haijaisha! Kumbuka asilimia zetu. Mrija mkuu ukirefuka, vipande vya vali navyo vinapaswa kurefuka kwa uwiano ule ule: cha pili kama milimita 1 kila upande, cha kwanza kama milimita 2.5, cha tatu kama milimita 4. Hivyo vinavutika vyenyewe, mradi havijagandamana.

Vyangu vilikuwa vimegandamana, na kuvifungua ndiko kulikochukua muda mwingi kuliko fizikia yote hii. Nitaeleza nilivyofanya kwa sababu nimeona vyombo vizuri vikiuawa kwa haraka. Mafuta mepesi ya kupenya kutu yanawekwa kwenye kiungo, kisha unasubiri. Siku, wiki, hata mwezi. Unapitisha kamba au kitambaa kwenye pindo la U na kuvuta kwa mshtuko mdogo, siyo kwa koleo. Koleo inaacha alama ambazo haziondoki, na lehemu ya miaka 80 inaweza kuachia mahali usipotaka. Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto yanabambua vanishi. Vali zinaoshwa moja moja na kila moja inarudi kwenye silinda yake yenye namba yake, kwa sababu kila pistoni imesuguliwa kulingana na nyumba yake.

Angalia pia madoa ya rangi ya waridi kwenye mrija wa kwanza, ule unaopokea pumzi na mate. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mate yakikaa humo miaka na miaka, zinki inaliwa kutoka ndani na kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vinyweleo kama sponji. Doa likionekana nje ujue ndani limeshafika mbali. Mrija huo unabadilishwa, hakuna dawa.

Halafu kuna vile vipande vidogo vya felti na koki chini ya vifungo, ambavyo watu hudhani ni vya kuzuia kelele tu. Unene wake ndio unaoamua pistoni isimame wapi. Felti ikilika kwa milimita moja, matundu ya pistoni hayalingani tena na matundu ya silinda, na hewa inagonga ukingo badala ya kupita. Nimewahi kubadilisha felti za shilingi chache na rafiki yangu akadhani nimenunua tarumbeta mpya.

Kitu kimoja sikigusi kabisa: kung'arisha kwa mashine. Najua inapendeza machoni. Lakini mashine inakula shaba, na kinachoanza kuondoka ni maandishi yaliyochongwa, jina la kiwanda na namba ya chombo. Namba hiyo ndiyo hati yake ya kuzaliwa. Kwa vyombo vya Boosey na Besson, vitabu vya kumbukumbu za kiwanda pamoja na mkusanyiko wao vilichukuliwa na makumbusho ya Horniman ya London mwaka 2004, na namba inaweza kukuambia chombo kilitoka kiwandani mwaka gani. Ukiisugua ikafutika, umebaki na bomba linalong'aa.

Kwa hiyo ukikuta korneti ya zamani kwenu, kwa babu, stoo ya kanisa au kwa muuza vyuma chakavu, kabla ya yote piga picha ya maandishi na namba, mara nyingi iko kwenye silinda ya vali ya pili. Jaribu kipulizio chake, na usilazimishe cha tarumbeta ya leo, kwani shina la korneti ni jembamba zaidi. Vuta mrija wa vali moja bila kubonyeza kifungo, kisha bonyeza: ukisikia mlio wa “pop”, vali bado zinashika hewa na chombo kina maisha. Halafu kipime kwa simu, programu za kupima sauti ni za bure. Ikikuonyesha 440, piga tu. Ikikuonyesha kitu cha karibu na 452, usimruhusu mtu aje na msumeno mpaka umetafuta fundi wa kukupindia mrija wa pili.

Mrija wa asili wa korneti yangu nimeufunga kwenye kitambaa na kuuweka ndani ya sanduku lake, na karatasi yenye namba 452.5 juu yake. Nilimpigia Mzee simu nikampigia wimbo nikiwa na kinanda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia vali yangu ya tatu bado iko juu kidogo.